Shangazi wa Viti Viwili

Mpendwa wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu na binti pekee wa fundi seremala na mkewe. Alikuwa na kaka wawili na wadogo wa kiume watatu, hivyo jina la Shangazi lilimfuata mapema. Watoto wa ndugu zake walilianza, majirani wakadakia, na hata mzee muuza mkaa, mwenye umri wa kumzaa, akamwita Shangazi bila haya. Sisi wanawe nasi tuliambukizwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza 1970. Walimu walimsifu kwa kusoma na kumlalamikia kwa kuongea. Kila alipohamishwa dawati alipata marafiki wapya, mpaka mwalimu mkuu akasalimu amri.

Baada ya hapo alijifunza ususi, na mwaka 1979 akafungua saluni yake: chumba kimoja chenye kioo kirefu, na mlango uliotazama mtaro wa barabarani, ambao siku nyingi ulikuwa umeziba. Fundi umeme aliitwa kutengeneza mashine ya kukaushia nywele. Akaitengeneza, ikaharibika. Ikawa inaharibika kila wiki, na fundi hakuonyesha kuudhika hata kidogo. Walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1980, na mashine ikapona kabisa.

Mwaka 1983 Shangazi aliokoka, na tangu hapo mdomo wake haukuwa na likizo. Mteja aliyesukwa upande mmoja wa kichwa hana pa kukimbilia. Shangazi alilijua hilo, na habari za Yesu alizianzia hapo hapo.

Mwaka 1997 mvua zilijaza maji ya mtaro ndani ya nyumba, na watoto wengi wakaugua matumbo. Mtaa ukamwomba agombee udiwani. Mchungaji wake alisita.

“Mama, siasa ni mchezo mchafu.”

“Na mtaro ni mchafu, mchungaji, lakini lazima mtu aingie auzibue.”

Mchungaji akacheka, akamwombea. Aliyesimamia kampeni alikuwa rafiki yake wa ukuta mmoja na saluni, mwanamke fundi cherehani, mpenda siasa kupita kiasi. Huyo kanisani hakutia mguu isipokuwa kwenye harusi alizozishonea nguo. Kilio kikubwa cha Shangazi mbele za Mungu kilikuwa hicho: rafiki yake amjue Kristo.

Kampeni ilimnogea. Jioni moja aliitwa na jirani kumwombea mtoto mchanga. Aliomba vizuri, kwa machozi, kisha badala ya kusema amina akainua ngumi kama kwenye mkutano wa kampeni.

“Mtaro!”

Watu wote, macho wamefumba, wakaitikia: “Uzibuliwe!”

Mtoto akaamka akilia, na waliokuwepo wakavunjika mbavu. Fundi cherehani alicheka kuliko wote, lakini njiani kurudi akamwambia, “Shoga, siku hizi nikikuona unakuja, sijui unakuja kuniombea au kuniomba kura. Na wewe mwenyewe nadhani hujui.”

Maneno hayo yalimchoma. Kesho yake alipofungua saluni alipanga viti upya. Kiti cha mlangoni, kilichotazama mtaro, kikawa cha mambo ya mtaa. Kiti cha mbele ya kioo kikawa cha Neno la Mungu. Mteja alichagua mwenyewe pa kukaa, na Shangazi hakuchanganya tena.

“Mtaro nauzibua kwa sababu nampenda Yesu,” alituambia, “ila Yesu mwenyewe simfanyi koleo.”

Alishinda, na mtaro ukajengwa kwa zege. Muhula ulipokwisha mwaka 2002, chama kilimbembeleza agombee tena. Alikataa. Alisema zege wapo wengi wa kulisimamia, lakini wenye muda wa kukaa na mtu mmoja hadi aelewe anapendwa na Mungu ni wachache, na yeye aliitwa kwanza kwa hilo. Hata hivyo madiwani waliomfuata hawakupata raha, maana kiti cha mlangoni hakikuondolewa.

Fundi cherehani alikalia kiti hicho miaka yote. Alisukwa hapo, akanywa chai hapo, akabishana hapo. Shangazi hakumvuta hata siku moja. Tulimwona tu akikitupia jicho kile kiti cha pili, kisha akiendelea kusuka.

Mwaka 2022 Shangazi alianza kuugua figo. Alipofunga saluni tulikileta kiti cha kioo chumbani kwake, wageni wapate pa kukaa. Fundi cherehani hakukigusa. Alikuja kila jioni na kiti cha mlangoni kichwani, akakitua kando ya kitanda na kumwaga habari za halmashauri.

Jumapili tarehe 2 Juni 2024 alikuja mikono mitupu, akakaa kwenye kiti cha kioo.

“Haya shoga, anza. Ila usinivute nywele.”

Shangazi alicheka mpaka akakohoa, tukakimbilia maji. Kisha akaanza, kwa sauti ndogo, rafiki yake akiwa ameinama ili asikie. Hatukuwakatiza. Walimaliza kwa maombi, na wa kwanza kusema amina alikuwa fundi cherehani.

Jumapili iliyofuata fundi cherehani aliingia kanisani, na hapakuwa na harusi. Shangazi aliposimuliwa alifurahi kama bibi harusi. Alifariki Jumatano tarehe 12 Juni, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, ndugu wawili wa kiume, na rafiki yake wa ukuta mmoja, aliyelishona gauni alilovalishwa Shangazi leo na ambaye, tangu msiba uanze, amekirudisha kiti cha kioo saluni, anawakalisha wageni hapo na kuwasimulia yale aliyosimuliwa na Shangazi.

Pumzika kwa amani, Shangazi. Maji yanapita mtaroni, na kiti cha kioo kina mtu.