Sufuria Mbili za Agnetha

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Ngenge nanyi mliotoka Bukoba, familia imenituma mimi, kaka yake Josia, niwasomee maisha ya marehemu, naye angekuwa hai angeninyang'anya karatasi hii, maana alikuwa mbishi na hakupenda kusifiwa.

Agnetha Kokushubila alizaliwa hapa Ngenge tarehe 14 Mei 1983, akasoma shule ya msingi kuanzia 1991 hadi 1997, akafaulu lakini akabaki nyumbani kwa kukosa ada, na tarehe 6 Januari 2007 akafunga ndoa na shemeji yetu Datius, fundi mwashi anayefanya kazi Kashai, mjini Bukoba, wakajaliwa watoto watatu, Kaijage, Kahangwa na Kemilembe.

Alikuwa mkulima, na mwaka 2022 bwana shamba alimfundisha kutawanya shambani punje zilizopakwa kuvu zisizo na madhara, ambazo huyawahi mahindi kabla ya kuvu zenye sumu na kuzinyima nafasi, naye akawafundisha wenzake thelathini, tukamtania kwa kumwita Mama Kuvu, akawa anaitika.

Mwaka huu wa 2025 punje hizo zilichelewa kufika, mvua ikanyesha hadi wakati wa kuvuna, mahindi yakaingia ghalani hayajakauka, yakaota ukungu wa kuvu zile zenye sumu, na migomba ilikuwa imekwisha kwa mnyauko, hivyo nyumbani hapakuwa na chakula kingine. Mchuuzi alikuja mara mbili kuyanunua, Agnetha akakataa, akijua yataliwa na watoto wa wenzake, kuyatupa hakuthubutu, na kutuomba sisi au Datius aliona aibu, yeye mwalimu wa mahindi salama, akabaki amebanwa kila upande. Basi kila siku alichambua, punje safi zikapikwa kwenye sufuria ya watoto, zenye ukungu akazisaga kando, akazipika kwenye sufuria yake na kula jikoni peke yake, akiwaambia watoto ameshashiba kwa kuonja.

Mwanzoni mwa Septemba macho yake yaligeuka manjano, tumbo likajaa maji, akalazwa Bukoba tarehe 22, na huko ndiko alikomweleza daktari alichokuwa akila, akafariki tarehe 9 Oktoba, saa nne asubuhi, ini likiwa limeshindwa kazi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliompalilia shamba alipougua, na mafundi wenzake na Datius. Mahindi yaliyobaki tuliyachoma jana, msiyaulizie. Watoto wamepimwa, maini yao ni mazima, daktari amesema waendelee kuangaliwa, ila Kemilembe, mwenye miaka minane, tangu juzi hagusi chakula mpaka aone mtu mzima anajipakulia kwenye sufuria ileile.

Dada yetu, tutakula naye. Pumzika sasa, kwa amani.