Pascasie Nibizi, Mama wa Majani ya Mchuzi

Mama yetu Pascasie Nibizi alizaliwa Rumonge, Burundi, tarehe 12 Aprili 1974, mtoto wa tatu wa mzee Musoni na mama Ancilla. Alisoma hadi darasa la sita. Vita vilipofika kwao alikimbia, akaingia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 1996, na hapa ndipo alipoishi miaka yake yote iliyobaki.

Mwaka 1999 alifunga ndoa kanisani na Astère. Walijaliwa watoto wawili: mimi Doriane, ninayewasomea, na mdogo wangu Dieudonné.

Kazi yake mliijua kwa pua kabla ya macho. Alichuma majani ya mchuzi yanayoota porini kule mlimani, akayaanika kivulini, akayauza sokoni Base Camp. Aliyatia kwenye maharage na samaki wa ziwani. Mwenye tumbo la kusokota alimchemshia, na vijiti vikavu alivichoma kufukuza mbu. Lakini mtoto mwenye homa hakumgusa. "Huyu mumupeleke kliniki," alisema. "Hii ni ya mboga na tumbo tu."

Mwaka 2009 baba alikwenda Endiinzi kuchunga ng'ombe wa watu, hakurudi. Mwaka 2014 tuliitwa kwa safari ya kwenda kuishi Kanada. Faili likasimama: jina la baba lilikuwemo, ilibidi aje au aandike kwamba ameturuhusu. Mama akangoja. Rafiki yake Kobusingye, mke wa mwanajeshi, alimtafutia kibanda cha kuuzia mjini Mbarara. Alikikataa, akihofu tutaitwa naye hayupo.

Ni Kobusingye aliyemwona baba Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, mwaka 2017, ana mke mwingine. Mama alimfuata na karatasi. Baba akamwambia, "Nikiandika, batajua fasi niko," yaani mahali alipo, akakataa. Mama alirudi, kesho yake akapanda mlimani kuchuma. Hatulifichi jambo hili, maana mwenyewe hakulificha. "Niko kama mbuzi wa kamba," aliniambia. "Majani nakula, lakini kamba iko."

Oktoba iliyopita figo zake zilianza kushindwa. Mama akiwa amelazwa hospitali Mbarara, baba alikuja na barua ya ruhusa aliyoiandika mwenyewe. Mama aliisoma yote, polepole.

"Mupe Doriane," akasema. "Mimi nimechelewa."

Alifariki siku mbili baadaye, tarehe 8 Machi 2025.

Ameacha mume, Astère, ambaye amesimama pale nyuma, watoto wawili, mjukuu mmoja, Ineza, na dada wa hiari, Kobusingye. Barua ninayo. Mungu ampe mama amani, apumzike.