Mleteni Yule Mliyemwita Mdomo

Funga mlango, we kitinda mimba, na redio ya jirani iache ilie, mimi sina sauti ya kushindana nayo. Sogeeni wanangu, mnisikilize vizuri, maana sitarudia. Daktari aliwaambia pale ukumbini kwamba mwanzo wa wiki ijayo sitaufikia, mkadhani sisikii. Mimi mgonjwa, si kiziwi. Acha kulia, binti yangu, utalia baadaye na nafasi utaipata tele, sasa nahitaji akili zenu.

Kesho kutwa asubuhi dalali anakuja kuinadi nyumba hii, kuanzia chumba cha mbele cha ushonaji mpaka kitanda hiki mnachokishikilia. Jina lililoko benki ni langu, na aliyeiweka nyumba rehani ni mimi. Kwa hiyo ni mimi tu ninayeweza kumpa wakili idhini ya kwenda mahakamani kuomba zuio. Nikifa kabla sijampa, ninyi mtakuwa watoto wa marehemu tu, mtaambiwa nendeni kwanza mkafungue mirathi, na huku mnazungushwa kwenye madirisha ya mahakama mtu mwingine atakuwa ameshatundika mapazia yake humu. Ndiyo maana nimeng'ang'ana na pumzi hii. Siogopi kufa, naogopa kufa leo!

Deni silikatai. Nilikopa ninunue cherehani za umeme, nikashona sare za nusu ya shule za mji huu, nikalipa kila mwezi mpaka ugonjwa uliponiangusha. Ninachokataa ni uonevu. Mkataba unasema nikichelewa nipewe taarifa na muda wa kujipanga, lakini mimi sikupata barua wala simu, na hakuna aliyebisha hodi. Niliamka nikakuta ukuta wangu umepakwa maandishi mekundu ya mnada kama wa mhalifu, wapita njia wanasoma kwa sauti. Muda wangu uko wapi? Hilo ndilo swali la kumpelekea hakimu, na linataka mtu anayejua mambo ya benki.

Najua mnavyonong'ona kwamba nilimpata wakili nikaharibu mwenyewe. Haya, semeni, si mko hapa. Mimi fundi nguo, na maisha yangu yote nimewapima mafundi wenzangu kwa kuangalia ni nani anayefuatwa na watu. Basi nikamtafuta wakili kwa kipimo hichohicho. Yule mwenye tai za rangi ya zambarau, kila nilipokwenda benki nilimkuta, walinzi wanamfungulia mlango, meneja anatoka ofisini kumsalimia. Nikasema huyu ndiye, huyu benki anaijua mpaka jikoni. Nikaketi mbele yake nikamwaga kila kitu, nini ninacho, nini sina, nani anaweza kunisaidia, na yeye anaitikia tu, "Pole mama, endelea mama." Wiki hiyohiyo alikuja hapa na dalali, anamwonyesha mipaka ya kiwanja! Kumbe mshahara wake unatoka kulekule. Nilimrushia futi yangu ya mbao, ikamkosa, na mpaka leo inaniuma kwamba ilimkosa.

Kwa hiyo shikeni hili kwa maisha yenu yote. Wakili kabla hujamweleza shida yako, muulize kwanza benki hiyo inamlipa au haimlipi, na akianza kuzungukazunguka na maneno, chukua mkoba wako uondoke. Muulize kesi za benki ameshazisimamia wapi, akutajie. Bei yake aiandike, na huduma gani iko ndani ya hiyo bei. Binti yangu, umehangaika na simu tangu jana, nimekusikia. Mmoja kasema yeye ni wa ndoa na talaka, mambo ya riba hayawezi. Mwingine meneja ni shemeji yake. Yule wa mji mkuu anajua kazi, lakini atafika mnada umekwisha, na mahakama ya hapa hajui hata mlango wa kuingilia.

Amebaki mmoja, na wote mnamjua, ila mmeuma meno.

Wewe mkubwa, niangalie. Usiangalie dirisha, niangalie mimi. Mke wako uliyemwacha alikaa ndani ya benki ileile, kwenye idara yao ya sheria, na akaacha kazi kwa hiari yake alipochoka kuwatoa watu majumbani mwao. Sasa ana ofisi yake juu ya duka la dawa. Mlimwita mdomo, ninyi wote, hata wewe binti yangu, kwa sababu alikuwa hakubali jambo mpaka aelezwe likaeleweka. Haya, leo ndio mdomo tunaoutaka! Nyumba inaondoka na ninyi mmekalia kiburi?

Simama, nenda wewe mwenyewe. Usimtume mdogo wako, usipige simu akaikata. Ukifika usianze habari za nani alimkosea nani. Mwambie mama anakuita, yuko hali mbaya, na anakuita kama wakili. Na atalipwa, sitaki kazi ya bure eti kwa sababu mtoto wenu ni mjukuu wangu. Ile cherehani kubwa ya kutarizi ni yake, auze au aiweke, shauri yake. Bado umekaa? Jamani, huyu mtoto! Viatu utavalia nje, nenda!

Ameondoka? Kweli? Haya.

Maji kidogo. Asante, mama.

Binti yangu, mpigie daktari aje awe shahidi, aseme akili zangu ni timamu, wasije wakasema nilishikwa mkono. Makasi yangu ya kukatia ni yako, usimwazime mtu. Kitinda mimba, ile cherehani ya miguu ni yako, mafuta kila Jumamosi. Na kile kidau cha wino tunachogongea muhuri wa risiti, kalete, kiko kwenye droo ya juu. Mkono huu haushiki tena hata sindano, nitatia dole gumba.

Mungu awape... ngoja nipumzike. Mungu awape riziki ya halali na mlango wa kuifungia. Msigombane. Nyumba ikipona msiuze, kaeni. Kaka yenu sikumbariki alipokuwa hapa, makusudi, ili akimbie. Mwambieni nilimbariki akiwa ngazini, nilimsikia anashuka mbiombio.

Nani huyo anabisha? Ni yeye?

Jirani. Mwambieni apunguze redio, nisikie geti.

Msinifunike mikono. Baridi siisikii. Huo wino, uweke hapa karibu... ufungue kabisa kifuniko. Na hiki kidole kiacheni nje ya shuka, mwanangu, hivyo hivyo, akifika asipate shida ya kukitafuta.