Mlango Unaotazama Bondeni

Mgeni rasmi, Baba Askofu,
Tumsifu Yesu Kristo!

Makaribisho

Sisi waamini wa kigango cha Mtakatifu Basili, hapa Maretadu, tumefurahi mno. Asubuhi akina mama walihofia ukungu utakurudisha njiani, lakini wakapika hivyo hivyo. Shikamoo kutoka kwetu sote, hata kutoka kwa wazee waliokuzidi umri. Leo wameamua kukuamkia, usiwakatalie.

Historia

Kanisa hili la mawe walilijenga babu zetu. Ramani ya Padre wa wakati huo ilitaka mlango uelekee barabarani. Padre akasafiri miezi kadhaa, na aliporudi alikuta mlango unatazama bondeni, altare imekaa pale alipotaka mlango. Alishika kichwa! Mzee Isidori, fundi mkuu, akamwambia: "Baba, barabarani ndiko unakotoka upepo, na upepo wa Maretadu bado haujabatizwa." Padre akacheka, akalibariki kanisa jinsi lilivyo.

Mafanikio

Tunayo kwaya na chekechea, na akina mama wanatunza mbegu za maharage kwa ajili ya kaya zilizokosa. Lakini tunachojivunia kuliko vyote kiko mlangoni.

Mwaka mmoja ng'ombe wa ndugu zetu wafugaji wa kule bondeni, upande wa Hirbadaw, waliingia kwenye mahindi yetu, na vijana wa pande zote wakawa wameshashika fimbo. Wazee wao walikataa kuingia kanisani, wakasema si nyumba yao. Wazee wetu nao walikataa kutoka, wakasema hawafukuzwi kwao. Jamani, ukaidi ule! Mama Efrazia, katekista wetu, akaburuta benchi akalipitisha kizingitini, nusu ndani, nusu nje. Wakakaa hapo, kila mmoja upande wake, mpaka wakapatana. Tangu hapo kila mzozo wa malisho unaletwa kwenye benchi hilo, na hatujamzika mtu kwa ugomvi huo.

Changamoto

Kanisa limekuwa dogo. Jumapili wengine wanasali uani, na mvua ikinyesha wanalowa. Upanuzi tumeupokea kwa mikono miwili, mawe tumeshasomba. Ila ramani mpya inaziba mlango huu kwa ukuta na kufungua mwingine barabarani, ili magari ya wageni yafike karibu. Tulipouliza, tuliambiwa imeshapitishwa ofisini kwako. Imetuuma, hatufichi.

Maombi

Tunaomba katekista wa pili, maana Mama Efrazia amechoka magoti. Tunaomba mabati yawahi kabla ya masika. Na zaidi ya yote tunaomba mlango wetu usizibwe. Wa barabarani ufunguliwe pia, hatuna neno, upepo tutapambana nao.

Mzee Bura na wazee wenzake wa wafugaji wamepanda kutoka bondeni tangu alfajiri. Wako hapo nje, wanasikia kila neno. Wametutuma tuseme kwamba mlango ukizibwa, wataelewa tumewachoka. Baba, sisi hatujawachoka.

Hatuombi utujibu kwa hotuba. Gari lako linakusubiri barabarani, na sakristia ina kamlango ka kutokea upande huo. Tunakuomba usikatumie. Toka pamoja nasi kwa mlango wa bondeni, umpe mkono Mzee Bura. Ukishavuka kizingiti, mafundi waliopo hapa wataona wenyewe, na hakuna atakayethubutu kujenga ukuta mahali ulipopita.

Mungu akutunze, akupe afya na miaka mingi ya kutupandia milima hii.

Ni sisi wanao, waamini wa kigango cha Mtakatifu Basili, Maretadu.
Imesomwa kwa niaba yao na Gaudensia Sulle, katibu.