Magari ya Waya

Basi lilikuwa limekwama kwenye foleni chini ya mlima. Kwenye kiti cha mbele yangu, mama mmoja fundi cherehani alikuwa akibishana na kijana mwenye shati lililonyooka, ambaye mama huyo hakumjua.

"Mama, magari ya waya yakianza kupita angani, utapita juu ya foleni hii ukiwa umekaa raha mustarehe."

"Na umeme ukikatika nining'inie kama nguo iliyoanikwa? Mwanangu, sisi wa mlimani tumeomba maji mpaka tumechoka, hatujapewa. Leo tunapewa kupaa! Ukiona vyaelea vimeundwa. Mimi nauliza, aliyeviunda anataka nini?"

Moyo wangu ulikuwa upande wa mama. Magoti yangu, yanayozijua ngazi za mlimani, yalikuwa upande wa kijana.

"Hakuna atakayehamishwa," kijana alisisitiza. "Nguzo ya waya yenyewe itasimama nyuma tu ya banda lako la kuku."

Mama akamgeukia mzima mzima. "Mimi nimekwambia nina kuku?"

Kijana akatazama dirishani. Basi likajikokota hadi kituo kilichofuata, naye akaruka kabla halijasimama. Mama, aliyekuwa akienda kununua vitambaa mjini, akakumbatia mkoba wake na kushuka nyuma yake.

"Wewe bwana! Hebu simama hapo!"