Mgonjwa wa Dakika Nane: Maisha ya Marehemu Tao Suqiong, 1955–2019

Ndugu, jamaa, majirani wa mtaa wa kiwanda cha nguo, pamoja na ninyi wanafunzi mliosimama nyuma kwa kukosa viti, mimi Tao Subin, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee historia ya dada yetu, ambaye tunamuaga haraka kuliko ilivyo desturi yetu, kwa sababu gari la chuo linasubiri nje na yeye mwenyewe alitaka iwe hivyo.

Marehemu Tao Suqiong alizaliwa tarehe 3 Machi 1955 katika wilaya ya Hejiang, mkoani Sichuan, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Tao Yongfu na mama Xian Guizhen, wakulima wa mpunga na matunda ya lichi, na mama alikuwa akisimulia kwamba asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mkunga aliipata nyumba kwa kufuata kilio cha mtoto.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962, akakaa nyumbani shule zilipofungwa mwaka 1966, akarudi darasani mwaka 1969, na akamaliza sekondari ya awali mwaka 1972, mwanafunzi wa wastani katika kila somo isipokuwa kuzubaa, ambako hakuwa na mpinzani, maana ulimwita mara tatu akaitika ya nne, na ukimuuliza alikuwa wapi alisema, "Nilikuwa ndani ya yule ng'ombe pale, anaumwa kwato." Tulimcheka sana.

Mwaka 1975 aliajiriwa kiwanda cha nguo hapa Luzhou, na tarehe 1 Oktoba 1979 alifunga ndoa na shemeji yetu Liao Dexin, fundi wa boila, ule mtambo wa moto na mvuke, wa kiwanda hichohicho, wakajaliwa binti mmoja, Wenpei, aliyezaliwa tarehe 12 Agosti 1981. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi mwaka 1997 dada aliuza tambi za asubuhi kwa miaka minane, hadi Machi 2005, alipoona tangazo kwamba chuo cha udaktari kinatafuta watu wazima wenye subira, wa kulala kitandani na kujifanya wagonjwa.

Kazi ilikuwa hivi, alipewa karatasi yenye ugonjwa, akaikariri, akalala, wanafunzi wakaingia mmoja mmoja, kila mmoja akakaa naye dakika nane hadi kengele, kisha dada akajaza fomu ya alama. Kwa miaka kumi na mitatu aliugua figo, moyo, kidole tumbo na mapafu, aliharibikiwa na mimba akiwa na miaka hamsini na sita, na alifiwa na mume zaidi ya mara mia mbili, huku shemeji Liao akiwa nyumbani anakaanga pilipili. Alirudi jioni akishika ubavu, akakaa dirishani, na tulipomuuliza anaumwa nini alijibu kwamba hana hakika, maumivu ya watu wengi yamepita ndani yake na mengine hupitiwa na usingizi humo.

Chini ya ile fomu palikuwa na alama tano za huruma, na mwanafunzi alizipata kwa kutamka sentensi moja tu, "Naelewa unavyojisikia." Wanafunzi wa udaktari si wajinga, waliikariri kama walivyokariri mifupa, wengine wakaisema mlangoni kabla dada hajafungua mdomo, na yupo mmoja, naye namwona hapa leo, aliyesema kwa pumzi moja, "Shangazi, naelewa unavyojisikia, jina lako nani?" Dada alimpa alama zake zote tano, kwa kuwa fomu ilisema hivyo.

Mwezi Mei 2017 aliingia binti wa milima ya Gulin, Qiu Yanlin, mwenye mikono mikubwa na maneno machache, akauliza yote ya kuulizwa ila ile sentensi hakuisema, na kengele ilipolia dada alimnong'oneza, "Mwanangu, ungeitamka tu, inakupunguzia nini?" Yanlin akajibu, "Shangazi, mimi sijawahi kuumwa nyongo. Nitasemaje naelewa?" Dada alicheka, akamwandikia sifuri ya huruma, na kwa upungufu wa alama hizo tano Yanlin akarudia mwaka mzima, jambo ambalo dada alilijua baadaye, likamkaa rohoni.

Jumamosi ya tarehe 19 Mei 2018 karatasi ilisema tena mawe ya nyongo, apige ukelele akibonyezwa chini ya mbavu za kulia, lakini asubuhi ile maumivu yalikuja yenyewe, mgongoni, ambako karatasi haikuyataja. Alituambia kwamba alilala kama mtu anayeelea, dari ikienda mbali na kurudi, asijue kama kinachomuuma ni chake au cha mwanamke wa kwenye karatasi, na wanafunzi kumi na mmoja walipita wakayaona machozi yake, wakasema naelewa unavyojisikia, mmoja akamsifu, "Leo shangazi umeigiza kweli kweli."

Wa kumi na mbili alikuwa Yanlin, ambaye kwa kanuni za chuo angefeli mara ya pili angeondolewa. Aliweka mkono juu ya tumbo la dada, akauondoa, akauliza, "Shangazi, haya ni ya kwenye karatasi au ni yako?" Mgonjwa wa mazoezi haruhusiwi kuvua ugonjwa wake kabla ya kengele, kwa hiyo dada alijibu kwa maneno ya karatasi, na Yanlin akavuta kiti, akasema, "Haya. Nitakaa hapa mpaka uniambie," akakaa, asiulize swali hata moja kati ya ishirini aliyotakiwa kuuliza, dakika zake zikiyeyuka, mpaka dada akasema, "Ni yangu." Ndipo akafungua mlango na kuita watu. Siku hiyohiyo daktari aliona uvimbe kwenye kongosho, tarehe 28 Mei dada akapasuliwa, na madaktari walisema wazi kwamba kuwahi kule kulimpa miezi kumi na minane.

Yanlin alipewa sifuri, kwa kuwa fomu yake haikujazwa, aliyepaswa kuijaza akiwa amebebwa kwenye machela. Dada alipopata habari aliomba fomu wodini akaambiwa fomu husainiwa siku ya mtihani, basi tarehe 5 Julai, mpira wa kutoa maji ukiwa bado tumboni, alipanda ngazi hadi kwenye kamati, akakaa, akawaambia, "Mlitaka kujua kama huyu mtoto anaweza kumwona mgonjwa. Mgonjwa nilikuwa mimi. Nani kati yenu alikuwepo?" Walishauriana, wakamruhusu Yanlin kurudia mtihani tarehe 8 Septemba kwa mgonjwa mwingine, akafaulu, ingawa kwenye huruma alipata sifuri nyingine. Dada aliomba pia ile sentensi ifutwe kwenye fomu, na hadi leo tunaambiwa jambo hilo linashughulikiwa.

Oktoba mwaka huu ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Katika siku za mwisho, kwa dawa za maumivu, aliona wanafunzi wake wote wakiingia kwa foleni ndefu isiyo na kengele, akamuuliza Wenpei, "Huyu wa ngapi?", na Wenpei akawa anataja namba yoyote. Alifariki jana, Jumatano tarehe 13 Novemba 2019, saa tisa alasiri, daktari Yanlin akiwa ameshika mkono wake, zamu yake ikiwa imekwisha tangu mchana. Ameacha mume, binti na mjukuu mmoja, na tunakiri kwamba tunaumia sana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, wagonjwa wenzake wa mazoezi, na majirani mliosimamisha turubai na kupanga meza za mchezo wa majong wa kukeshea msiba, ambazo zitabaki siku tatu kama kawaida, ingawa mwenyewe hatakuwepo, maana mwili wake ameutoa kwa chuo, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wajifunzie, kama alivyosaini yeye na mumewe.

Na tunamshukuru mwanafunzi mmoja ambaye hatukupata jina lake. Asubuhi hii, alipofika na watu wa chuo kuuchukua mwili, shemeji Liao, aliyetunza boila miaka ishirini na miwili, aliwashika mkono akawaomba wawashe moto katika chumba watakachomlaza, kwa sababu mke wake hapendi baridi. Sote tulijua chumba hicho lazima kiwe cha baridi, na msimamizi alijua, akatazama chini. Yule mwanafunzi, binti mdogo, akamsogelea akasema, "Babu, chumba hatutaweza. Ila kila siku, kabla ya kumgusa, tutapasha mikono yetu kwanza."

Nenda nao, dada Suqiong, upumzike kwa amani.