Mwalimu Chilongola na Swali la Saba

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mwalimu Mathayo Chilongola anastaafu baada ya kufundisha fizikia kwa miaka thelathini na minne: minane Mikumi, na ishirini na sita hapa kwetu Sekondari ya Mtengule.

Waliosoma kwake wanajua kwamba kwake hakuna swali lililokokotolewa kabla ya kuchorwa. Gari la shule liliponasa kwenye tope njia ya Lumuma, alishuka, akalichora ardhini kwa kijiti pamoja na mishale ya nguvu zote, kisha akawapanga wanafunzi mahali pa kusukuma. Gari likatoka. Dereva wetu, Mzee Alfred, mpaka leo anadai ni usukani wake. Mawimbi aliyafundisha kwa debe: wanafunzi walilipiga mita 170 kutoka kwenye jabali la Kisanga, mwangwi ukarudi baada ya sekunde moja, wakapata kasi ya sauti bila kufungua kitabu.

Lakini mimi nitamkumbuka zaidi kwa jambo la mwaka 2009. Nilikuwa mwalimu mpya, meza yangu jirani na yake. Jaribio la Kidato cha Pili ndilo lililoamua nani aendelee na fizikia, na alama ya kuvuka ilikuwa 40. Seleina Ngoitiko, binti wa wafugaji wa kule tambarare, alipata 38. Orodha ikabandikwa. Mchana akaja ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Naomba unionyeshe nilipokosea swali la saba."

Swali lilikuwa na rizista mbili, ya om sita na ya om tatu, kila moja imeungwa moja kwa moja kwenye betri ya volti sita. Kwenye ile ya om sita unapita umeme kiasi gani? Seleina aliandika ampea moja. Mwongozo wa kusahihishia ulisema mbili.

"Mwongozo nimeuandaa mwenyewe," Mwalimu alijibu kwa ukali. "Rudi darasani."

Seleina akaondoka. Mwalimu akasahihisha madaftari mawili, akaweka kalamu, akavuta karatasi tupu. Nilimwona akikunja uso.

Kesho yake alifungua betri ya volti sita kwenye pikipiki yake kuukuu, akaunganisha rizista mbele ya darasa, akaweka amita.

"Seleina, njoo usome."

"Moja, mwalimu."

"Na wengine njooni msome." Wakapanga foleni. Wa mwisho aliporudi kukaa, akasema, "Niligeuza majibu ya rizista hizi mbili. Seleina yuko sahihi. Mimi ndiye niliyekosea."

Akatoka, akaibandua orodha watu wakiona, akasahihisha upya karatasi zote sitini na moja. Seleina akapata 41. Abeli, aliyekuwa na 41, akashuka hadi 38, akanuna wiki nzima. Mwalimu hakumwongezea hata alama moja. Alimwita kila Jumamosi, wakapambana na saketi mpaka zikaeleweka, na jaribio la marudio Abeli akapata 56. Leo Seleina ni mhandisi wa umeme Morogoro, na Abeli ana karakana ya kusuka mota Mikumi.

Tangu siku ile, Mwalimu aliwapa wanafunzi wiki nzima ya kubishia usahihishaji wa kila jaribio, na idara yote ikafuata. Wengine tulifuata shingo upande, nakiri. Mwezi uliopita Lea wa Kidato cha Pili alinibishia alama mbili. Nilikaa naye, tukalichora swali, tukakuta usahihishaji wangu ulikuwa sawa. Akaondoka anatabasamu, nami nikabaki na furaha ya ajabu.

Mwalimu anarudi Lumuma kulima vitunguu na mkewe. Asante, Mwalimu, kwa kutufundisha kusema "nimekosea" mbele ya darasa zima na kuendelea na kipindi. Mungu akupe afya na mapumziko matamu. Uifurahie kila siku yake.

Anitha Lucas, Idara ya Sayansi